Tindikali Haishikwi na Mtu Mmoja

Chuo kilipofungwa, walimu walihamishwa ndani ya wiki moja. Mtunza maabara akabakishwa peke yake amalizie stoo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, na wanafunzi walimwita Mama Miwani kwa sababu hakumruhusu mtu kugusa hata chumvi bila miwani ya kinga.

Kufikia wiki ya tatu alishagawa hadubini, mizani na vyombo vya kioo. Zilibaki chupa tano za tindikali ya haidrokloriki, chini kabisa kwenye kabati la mbao, kila moja ndani ya beseni lake la plastiki. Moja haikuwahi kufunguliwa, safi kama maji. Hiyo ilichukuliwa na dereva wa maabara ya hospitali, akasaini, akaondoka bila hata kuketi. Nne zilishafunguliwa, na tindikali yake imegeuka njano. Kuna mtu aliwahi kuchovya chuma humo. Haikufaa tena kwa kipimo chochote, ila ukali wake ulikuwa palepale.

Alimpigia simu mkuu wa chuo.

"Mwaga kwenye sinki, mama, tumalizane."

"Mabomba yatalika, mkuu. Na mtaro unapita majumbani mwa watu."

"Basi fanya unavyojua."

Alivyojua ni kuipunguza ukali kidogo kidogo. Shida ilikuwa sharti alilolibandika mwenyewe ukutani: tindikali haishikwi na mtu mmoja. Mvuke ukimpofusha, nani atamfikisha bombani? Alitafuta kichwani mtu wa kumwita. Mwanawe yuko mbali, na simu zake siku hizi ni za "nitakupigia baadaye, mama." Hakumpata mwingine, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Mwishowe alivuka barabara hadi kwa fundi cherehani, mwanamke ambaye miaka yote walikuwa wakipungiana mikono tu.

"Nataka mtu wa kunitazama nikifanya kazi," alisema, aibu imemjaa.

"Nikutazame tu?"

"Nikizidiwa, unipeleke bombani."

Fundi akacheka. "Kukodoa macho naweza. Ngoja nibebe nguo za kupinda."

Siku nne fundi alikaa mlangoni, upepo ukimtokea mgongoni, akishona. Uani, Mama Miwani alitia maji kwenye ndoo kwanza, ndipo akamimina tindikali taratibu. Kamwe hakumwagia maji juu ya tindikali. Kisha magadi, kijiko kwa kijiko, mpaka povu likatulia na karatasi ya litmasi ya buluu ikabaki buluu, bila kugeuka nyekundu kwa ukali. Kilichobaki ni maji ya chumvi. Walizungumza habari za watoto, za magoti, za waume waliokwenda zao.

Siku ya tano fundi alikuja kama kawaida. Mama Miwani, glavu mkononi, alikuwa akimimina kutoka chupani kwenda ndooni. Fundi alimtazama kitambo.

"Mama, leo mbona haiwashi pua?"

Mama Miwani akaweka chupa chini. "Ni maji. Tindikali iliisha jana."

"Na ukaniacha nije?"

"Sikujua nikwambie nini ili uje."

Fundi hakucheka. Alivuta kiti cha pili, akamwekea shati lisilo na vifungo.

"Vua hizo glavu, basi. Utashikaje sindano?"

Walishona hadi mchana. Fundi akarudi dukani, na Mama Miwani akabaki akifagia chumba kitupu, akijua kwamba kesho hana sababu yoyote ya kuvuka barabara, na kwamba atavuka hivyo hivyo.