Mstari wa Rula

Katibu wa kanisa letu la Methodisti alikuja sebuleni kwangu na daftari la zamani. Anaandika historia ya kanisa, miaka hamsini tangu lianze.

"Bibi, nani alianzisha kanisa hapa mtaani?"

"Fundi cherehani," nikamwambia. "Tulisali chumbani kwake miaka minne. Alifagia vipande vya vitambaa, akatandika mikeka. Wenye watoto wachanga aliwaachia kitanda chake."

Nikamtajia jina, naye akalifungua daftari. "Mbona jina lake limekatwa?"

Sisi Wamethodisti tumegawanywa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake. Asiyeonekana miezi mitatu bila taarifa, kiongozi anamfuta. Kiongozi wa kikundi cha fundi nilikuwa mimi, na mstari ule niliupiga mimi, tena kwa rula. Fundi alikuwa akimuuguza mumewe, nami sikwenda hata kubisha hodi. Mume akafa, fundi hakurudi kanisani, nami nikaona haya miaka yote hii.

"Aliyefutwa hatuwezi kumwandika. Basi tuseme kanisa lilianza na jengo," katibu akasema.

"Usiandike neno mpaka nirudi, mjukuu wangu."

Nilimkuta fundi mlangoni, sindano mkononi, akitafuta tundu la kupitishia uzi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Kaa, dada. Magoti yako yanalia kuliko wewe."

Nikakaa. "Nilikukosea."

"Najua. Nilikungoja wiki ya kwanza, ya pili. Nikasema labda amepotea njia. Na kutoka kwako hadi kwangu ni nyumba tatu."

Akanipa sindano nimtilie uzi. Nikakosa, nikakosa tena, yeye akingoja bila kunikimbiza.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Ulikuwa mzito kubeba."

Nililia kidogo. Akaniachia upindo wa kanga yake nijifute.

"Sasa nikuandike?" nikamuuliza.

"Niandike. Lakini mwandike na mume wangu. Hakuwa mtu wa kusali, ila kila Jumapili alikaa nje juani ili nyinyi mpate nafasi. Mvua ikinyesha, alisimama chini ya paa la jirani."

Kumbe ndiyo maana alikaa pale nje, nasi tulimpita mlangoni bila kumsalimia vizuri, tukiwahi ibada.

Nilirudi nikamweleza katibu, naye akajikuna kichwa. "Bibi, historia ya kanisa ianze na mtu asiyebatizwa?"

"Ianze naye," nikasema. "Mke wake afuatie. Na uandike kwamba aliyemfuta ni mimi."