Vifungo vya Shati la Baba

"Mama, toa mkono!"

"Sijagusa kitu, nilikuwa tu—"

"Umegusa! Umemfungia kifungo, nimekuona—"

"Kola imekaa shaghalabaghala! Unataka hao maprofesa wadhani baba yako katoka kupigana?"

"Ndiyo, Mama! Wamwone hivyohivyo alivyo!"

"Kata," nikasema, simu mkononi. "Mama kaharibu filamu tena. Mwongozaji anataka kulia, staa anasinzia."

Staa ni Baba, kakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule, shati wazi mpaka kitovuni. Tangu kiharusi kimpige, mkono wake wa kulia hausikii amri, na ulimi umekuwa mzito. Siku akitoa neno moja tunafurahi.

Dada, aliyekuwa akimfokea Mama, hakucheka. Yeye ni mtaalamu wa fiziotherapia, anaomba nafasi ya uzamivu, yaani PhD, wa sayansi ya utengamao, ile ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake, kwenye chuo cha mbali, cha kupanda ndege. Hoja yake ni kwamba wagonjwa wengi wanachelewa kurudi kwenye maisha yao kwa sababu ndugu zao wanawafanyia kila kitu. Chuo kikamwambia sawa, tuonyeshe: video ya mgonjwa mmoja, akifanya jambo moja, bila kuguswa na mtu. Isikatwe, isiunganishwe, iwafikie kabla maombi hayajafungwa jioni hii.

Naye katika wagonjwa wote wa dunia akamchagua anayeishi na mama yetu.

"Profesa, anza upya," akaniambia. Profesa ndiye mimi, tangu chuo kinishinde mwaka wa pili. "Na Baba ameshachoka. Hii ikiharibika, basi tena."

Tukamkalisha Mama kwenye kochi. "Mama, ikalie hiyo mikono," nikamwambia kwa utani. Akaikalia kweli, kama mtoto wa chekechea aliyekamatwa akiiba sukari. Nikabonyeza.

Baba akashika kifungo cha juu. Kikateleza. Akakifuata tena, kikateleza tena. Jasho likamtoka. Mama akaanza kulia kimyakimya, mikono bado kaikalia. Mimi nikatafuta utani wa kusema, nikaukosa. Watu wazima watatu, wazima wa afya, tunamtazama mtu mmoja anavyohangaika na kishati, na kazi tuliyopewa ni kutomsaidia.

Kikaingia.

Dada akaziba mdomo. Baba hakumwangalia, akashuka kwenye cha pili. Hicho nacho kikamtesa, kikaingia. Dirishani mwanga ulikuwa unaondoka, na mimi mkono unaniuma kwa kushika simu, lakini nani angethubutu kupumua? Akaendelea hivyo, kimoja kimoja, mpaka kitovu kikapotea na kifungo cha chini kabisa kikakaa mahali pake.

Dada akainua mkono kuniashiria nizime. Kabla sijabonyeza, Baba akainua uso akaitazama simu moja kwa moja.

"Walimu," akasema. Neno zima, halikuvunjika.

Mkono wa Dada ukabaki hewani.

"Mmemwona… binti yangu. Kazi… anaijua."

Mama akaichomoa mikono yake, asijue aipeleke wapi.

"Sasa naombeni," Baba akasema, "msimchukue."