Mdogo Wangu Hakutabasamu

Mdogo wangu alifariki akijifungua, nami nilikuwa nimemshika mkono. Mumewe, ambaye ni mwalimu, alikuwa nje ya mlango uliofungwa. Miaka michache baadaye aliandika riwaya juu yake, na watu wakaisifu. Mimi sikujua kusoma. Nilikifunga kitabu kile kwa nailoni, nikakitunza kabatini kama nguo ya sikukuu.

Mwaka huu, kwa masomo ya watu wazima, nilifika ukurasa wa mwisho nikifuata maneno kwa kidole: "Hakulia. Alitabasamu, akafumba macho kama anayelala." Kidole kikasimama hapo.

Nilimkuta shemeji barazani akisahihisha madaftari.

"Shemeji, nani alikwambia alitabasamu?"

Akacheka. "Makubwa! Juzi ulikuwa unatia dole gumba, leo umekuwa mhakiki?"

"Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Alikutukana wewe na ukoo wako wote."

"Hiyo ni riwaya, shemeji. Ulitaka niandike damu na matusi? Mwanamke wa kitabuni lazima apendeze."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Asiyeujua huuliza. Mbona hukuniuliza?"

Alivuta daftari jingine.

Hofu yangu haikuwa kwa marehemu. Binti yao, aliyezaliwa siku ile na niliyemlea mimi, alikuwa na mimba ya miezi minane, na kitabu kile alikuwa amekihifadhi chote kichwani. Nilikwenda kwake moja kwa moja. Nilimkuta amevimba miguu na uso, amekaza kitambaa kichwani, anakunja nguo za mtoto.

"Kichwa kimeanza kukuuma lini?"

"Hii wiki ya pili, Mama Mkubwa. Kitapoa."

"Kliniki umewaambia?"

"Mama hakulalamika."

"Mama yako alilia, mwanangu. Nilikuwepo."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea marehemu mate. "Baba hawezi kuandika uongo."

Nilimvuta twende hospitali. Akautoa mkono wake taratibu, kwa adabu, huku akitabasamu. Tabasamu lile halikuwa lake. Nililijua lilikotoka.

Kesho yake asubuhi alianguka jikoni, mwili ukimtetemeka. Wodini muuguzi alisema ni kifafa cha mimba, akaniuliza kwa nini mgonjwa alinyamaza siku zote hizo. Mtoto alipona, mama yake hakuamka.

Baada ya mazishi shemeji alikuja kuketi kando yangu, macho mekundu, kalamu mfukoni mwa shati.

"Shemeji, mwishoni alikuwaje? Alitulia?"

Nilimweleza yote: povu, ulimi uliokatwa na meno, kucha zilizochimba kiganja changu. Nikamfunulia kiganja. Aliutazama ukuta, na kalamu haikutoka mfukoni.

Mjukuu wangu ni msichana. Ninaandika haya polepole, mstari kwa mstari, ili ayasome kabla hajakifikia kile kitabu cha babu yake.