Zulia la Ijja Mnadani

Hakuna mwanamke wa milimani aliyelijua soko la Marakeshi kama Ijja. Alikwishafika humo mara moja, mgongoni mwa mama yake, na safari nzima alikuwa amelala.

Hilo la kulala hakumwambia wifi yake Yamna. "Wewe nifuate mimi tu," alisema, zulia lake kichwani. Wakapita kwa wafua shaba, nyundo zikigonga mpaka meno yakawacheza. Wakapita kwenye viatu vya ngozi vya njano vilivyopangwa kama malimau. "Simile! Simile!" Punda mwenye shehena ya ngozi mbichi akawabana ukutani. Wakakata kona, wakatokea kwa wafua shaba.

"Wifi, si tulishapita hapa?"

"Hawa ni ndugu zao."

Mara ya tatu, mfua shaba mmoja akawawekea viti na chai ya mnanaa. Ijja akacheka hadi chai ikamtokea puani. Kichwa kilimzunguka kama pia, naye hakutaka kisimame.

Alasiri ndipo wakafika mnadani. Hapo mchezo ukaisha, maana waliwekeana sharti: ambaye zulia lake litapata bei ya chini atateka maji ya nyumba zote mbili majira yote ya baridi. Na chemchemi iko bondeni, njia yote barafu.

La Yamna likanunuliwa dirhamu mia tisa. La Ijja, dalali aliyeitwa Si Allal alilizungusha begani duka kwa duka, likakwama mia saba.

Ijja akaiona barafu. Akarudi nyuma ya nguzo, akajifunika uso yakabaki macho, akaikoroga sauti.

"Mia nane!"

"Mia tisa," akasema mfanyabiashara mmoja mnene.

"Elfu!"

"Elfu na mia."

Angenyamaza hapo, Yamna angeteka maji mpaka mgongo upinde. Lakini mnada una pepo wake, na ulimi wa Ijja haukuwa na mlango.

"Elfu na mia mbili!"

Yule mnene akarudi kwenye chai yake.

"Mwenye zulia yuko wapi?" Si Allal akaita, maana pale hakiuzwi kitu mpaka mwenyewe atamke ameridhia. "Mwenye zulia!"

"Alikuwa hapa sasa hivi," alisema Yamna, akichungulia huku na huku.

Si Allal akamgeukia mnunuzi. "Mama, umetoa bei ya kifalme. Kwani aliyelifuma unamjua?"

"Sijapata kumwona! Mimi mtu wa mjini."

"Sasa umependa nini?"

"Mkono wake! Tazama huu mstari mwekundu ulivyopinda. Hapa ndipo mbuzi alipoingia ndani akampiga pembe ya kiuno!"

Si Allal akautazama mstari. Yamna akaja taratibu, mikono kiunoni.

"Eti, mtu wa mjini," akasema, "huyo mbuzi alikuwa rangi gani?"

"Mweusi," akajibu Ijja, kabla hajawahi kuuma ulimi.