Mlango Uliovimba

Maji yalipoingia nyumbani kwa mshonaji hayakupiga hodi. Yalipita chini ya mlango, yakapanda mpaka magotini, yakashinda ndani kutwa kama mgeni asiyejua kuaga, kisha yakaondoka na kumwachia tope, uvundo na mstari wa kahawia ukutani. Mlango wa mbele, wa mbao nzito, ulivimba hata ukakataa kurudi kwenye fremu yake.

Mwanawe wa pekee alifika asubuhi iliyofuata. Huyu walimbandika jina la Haraka tangu siku ya kuzaliwa, maana alitoka kabla mkunga hajavua viatu, na tangu hapo hajawahi kungoja kitu. Alikagua vyumba vyote na viatu vyake vya matope, akatikisa kichwa.

"Mama, unahamia kwangu. Nyumba isiyofungika si ya kulala mtu mzima peke yake."

"Na mlango ukifunga?"

"Ukifunga, nafyata mdomo. Lakini mwisho wa mwezi naja na gari."

Mshonaji alimpenda mwanawe, na mkwewe hakuwa na neno. Ila kule angekuwa mgeni wa kudumu, mtu wa kuomba ruhusa kabla ya kuwasha redio. Hapa alijua kila kitu kilipo hata gizani. Hakutaka kuondoka, basi.

Akajifunga kibwebwe. Yeye na jirani yake, mpishi wa shule aliyempa pa kulala, walizoa tope kwa koleo, wakasugua kuta kwa sabuni, wakainua kabati juu ya matofali na kuacha madirisha wazi mchana kutwa. Godoro lilikuwa limekunywa maji likashiba, wakalitupa. Mlango wakaung'oa kwenye bawaba, wakaulaza kivulini juu ya matofali, maana juani ungepinda. Kila asubuhi na jioni waliugeuza kama mgonjwa.

"Huyu mgonjwa wako hata uji hanywi," mpishi alitania.

"Ameshakunywa ya kutosha."

Haraka naye hakuisha kupita. Mlango haupo, basi akawa anaingia tu, moja kwa moja mpaka chumbani, akipima kabati kwa mikono aone kama litaenea garini. Mshonaji aliumia. Maji yaliingia bila hodi, na mwanawe akaiga.

Siku moja mama akamkuta Haraka uani kauinamia mlango, randa mkononi.

"Nauparua kidogo tu, Mama, uingie leo leo. Nimechoka kukuona unahangaika."

"Toa mkono! Huo bado una maji. Ukiuparua sasa, ukija kukauka utabaki na mwanya wa kupita paka."

"Sasa nifanye nini?"

"Ngoja."

Hilo lilimshinda. Akaondoka na randa yake, na mama akabaki ameduwaa pale uani. Kumbe mtoto naye alitaka mlango ufunge! Siku hiyo alisugua sakafu huku akiimba.

Mwezi ulipoisha, mstari wa kahawia ulikuwa bado ukutani, na rangi ingesubiri mpaka lipu ikauke. Lakini asubuhi wale wanawake wawili waliupandisha mlango kwenye bawaba. Ulikwaruza kidogo chini. Mshonaji akausukuma kwa nyonga, ukaingia. Akafunga komeo, akalifungua, akalifunga tena, na mpishi akapiga kigelegele kabla ya kukimbilia kazini kwake.

Baadaye kidogo gari likanguruma nje. Hatua za Haraka zikaja mbio kama kawaida yake, halafu bega likagonga mbao, pu!

"Hodi," sauti ikasema, taratibu.

Mshonaji akaketi kwenye kigoda chake. Furaha ilimjaa mpaka machozi yakamlengalenga.

"Nani?"

"Mimi, Mama."

"Mimi nani?"

"Haraka."

"Haya, ngoja hapo hapo. Namalizia chai. Na viatu uvue, sakafu imesuguliwa."

Alimsikia mwanawe akicheka, kisha akasikia viatu vikivuliwa, kimoja, halafu cha pili. Akanywa chai yake polepole, mpaka tone la mwisho. Nje ya mlango, Haraka alikuwa anangoja.