Misumari Kumi na Minane

Kila Januari, kabla hata watoto hawajarudi shule, kazi kubwa ya Kondo ilikuwa vibubu. Watu walifika kwenye karakana yake nyuma ya soko la Kilosa na malengo yao ya mwaka kama waendavyo zahanati na maradhi yao: huyu bati, yule ada, mwingine mahari. Kondo alimpigia kila mmoja kisanduku cha mbao chenye tundu juu, misumari kumi na minane, bila bawaba wala kufuli. Ukitaka fedha yako, lazima ukivunje, na kuvunja kuna kelele. Kibubu hakimzuii mtu kwa nguvu. Kinamzuia kwa aibu.

Kondo hakuzuiliwa na kitu. Kwa bisibisi bapa na kipande cha kitambaa aliweza kung'oa kitako cha kibubu chochote kwa dakika sita na kukirudisha bila msumari kupinda. Alijipigia kibubu miaka minne mfululizo, na miaka yote minne alikuwa akikifungua "kukopa kidogo". Desemba iliyopita alikivunja mbele ya mkewe, Tumwagile, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache. Ndani mlikuwa na shilingi elfu kumi na moja na mia nne, na karatasi saba zenye mwandiko wa Kondo. Kila moja imeandikwa: Nitarudisha.

Tumwagile alizisoma zote saba kisha akazipanga kwa tarehe.

"Baba Rebeka," alisema, "wewe si mwizi. Mwizi haandiki."

Mwaka huu jambo lilikuwa zito zaidi. Mzee Jastin, mwenye karakana kubwa karibu na stesheni, alikuwa anastaafu, na kwa mashine yake ya kuranda mbao alitaka milioni moja. Kondo alimjua Jastin vizuri, maana kila wiki alimpelekea mbao zake zirandwe na kila wiki alimlipa. Alipopiga hesabu aligundua kwamba kwa miaka sita amekwishainunua mashine ile karibu mara mbili, na bado ilikuwa ya Jastin.

"Nitakushikia hadi tarehe ishirini Desemba," Jastin alimwambia. "Ishirini na moja anaichukua mtu wa Dumila. Ameshaniletea hata mtu wa kuipima."

Elfu ishirini kwa wiki, wiki hamsini. Hesabu haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa Kondo.

Wiki hiyohiyo alifika Mama Vaileth kutoka Mikumi. Jina lake ni Hildegarda, lakini madereva wa malori wanaosimama kula kwake barabarani walimwita kwa jina la bintiye, na Kondo naye aliwafuata.

"Shikamoo, Mama Vaileth."

"Marahaba, fundi. Nipigie kingine. Kile cha mwaka jana nilikivunja Juni."

"Kulikuwa na msiba?"

"Kulikuwa na sare ya harusi." Alikaa juu ya rundo la mbao akajipepea kwa khanga. "Mwaka huu nataka laki saba na nusu. Desemba niende Malolo ninunue vitunguu, niviweke ghalani, nije niviuze bei ikipanda. Lakini nikikiona kibubu pale chini ya kitanda, mkono unawasha. Wewe unafanyaje?"

Kondo alimweleza ukweli, pamoja na karatasi saba. Mama Vaileth alicheka hadi akashika ubavu. Alipomaliza alisema jambo lenye akili.

"Basi tubadilishane. Chako nikae nacho Mikumi, changu ukae nacho hapa. Ukinitumia kwa simu, natumbukiza. Nikikutumia, unatumbukiza. Jumamosi, Jumamosi. Havunji mtu mpaka tarehe kumi na tisa Desemba, na tunavunja siku moja."

"Na cha kwako unaniachia mimi? Nimekuambia nini sasa hivi?"

"Umeniambia unaiba chako. Cha mtu hujasema."

Wakapeana mikono. Kibubu cha Mama Vaileth Kondo alikitengeneza kwa mninga, kwa kuwa kililipiwa. Chake alikiunga kwa masalia ya paini, akakipaka vanishi ileile, vikawa kama pacha. Mganga hajigangi.

Mambo yalikwenda vizuri kupita alivyotarajia. Kila Jumamosi alituma elfu ishirini kabla ya kunywa chai, na muda si mrefu simu ikaita: "Imeingia, fundi." Naye alipokea elfu kumi na tano za Mama Vaileth, akazitoa kwa wakala, akazitumbukiza kwenye tundu la kibubu cha mninga. Ilipofika Juni aligundua kwamba hajui tena elfu ishirini ile ingefanya kazi gani nyingine.

Agosti ikaja na jaribu lake. Mtu mmoja alimpigia akisema ana mbao za mtiki, kavu, zenye stakabadhi, laki mbili tu kwa sababu anahama. Kondo alizikagua. Hazikuwa na kasoro. Zingetoa vitanda vinne, na vitanda vinne vingerudisha laki mbili pamoja na faida kabla ya Oktoba. Alijiambia kwamba hiyo si kukopa, hiyo ni kuzungusha. Jumamosi akapanda gari la asubuhi kwenda Mikumi, kwa mara ya kwanza tangu Januari, na bisibisi bapa mfukoni.

Mama Vaileth alimpokea kwa furaha, akampakulia ugali na kambale kabla hajasema shida yake. Kondo alikaa kwenye kibaraza kipya cha saruji kilichojengwa ukutani, pamoja na madereva watatu na kondakta mmoja.

"Umejenga," alisema.

"Tangu mwisho wa Januari. Kizuri?"

"Kimenyooka. Mama Vaileth, nimekuja kukiangalia kibubu changu."

"Kiangalie."

Kondo aligeuza shingo huku na huku. "Kiko wapi?"

"Umekikalia."

Madereva waliacha kutafuna. Mama Vaileth alimpeleka upande wa jikoni akamwonyesha: chini ya ukuta, kipande kifupi cha bomba kilichomoza kwenye saruji, mdomo wake umezibwa kwa gunzi la hindi. Fundi ujenzi alikiweka kibubu ndani ya kibaraza, akalifikisha bomba kwenye tundu, kisha akafukia na kusakafia.

"Nani alikupa wazo hili?"

"Mkeo. Alinipigia. Aliniambia, 'Misumari yote ya Kilosa inamtii. Mtafutie kitu kisichomtii.'"

Dereva mmoja, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliinuka akakitazama kibaraza, akakaa tena taratibu. "Kwa hiyo, fundi, tangu Januari sisi tumekalia fedha zako?"

"Mmekalia mashine ya kuranda mbao," Kondo alisema.

"Ndiyo maana nasikia mgongo umenyooka."

Walicheka wote, na hatimaye Kondo mwenyewe. Alimaliza kambale wake, akalipa, akarudi Kilosa na bisibisi yake.

Lakini karakana ilikuwa na kibubu kingine. Kilikaa juu ya rafu, cha mninga, misumari kumi na minane ambayo yeye mwenyewe aliipigilia, na ndani yake kwa hesabu ya Jumamosi hiyo mlikuwa na zaidi ya laki nne. Dakika sita. Angezirudisha Oktoba na hakuna mtu duniani angejua. Mwenye mtiki alipiga simu mara mbili. Kondo alikishusha kibubu, akakigeuza, akaihesabu misumari kwa kidole. Kisha akakibeba chini ya kwapa hadi nyumbani, akakiweka mbele ya cherehani ya Tumwagile.

"Kaa nacho wewe."

Tumwagile alikipindua, akakitazama kitako. "Hakijaguswa."

"Ndiyo maana nakuletea."

Mtiki ulinunuliwa na mtu wa Magole. Kondo alinuna siku tatu, ya nne akaenda kazini.

Tarehe kumi na tisa Desemba walikutana Mikumi: Kondo, Tumwagile na kibubu cha mninga, Mama Vaileth, fundi ujenzi na nyundo yake, na yule dereva mnene, ambaye alisema amepanga safari yake makusudi ipite siku hiyo. Cha mninga kilivunjwa kwanza. Noti zilitoka zimekunjwa safi, na Mama Vaileth alizihesabu mara mbili kwa sauti. Laki saba na nusu. Hakusema asante. Alimpa Kondo chai yenye sukari vijiko vitatu, ambavyo kwa kawaida huviongezea bei.

Kisha nyundo ikapigwa kwenye kibaraza. Saruji ilipasuka, na ndani yake kikatoka kifusi, udongo mwekundu na mawe. Kondo aliinama. Kwenye udongo aliona mikondo myembamba ya tope kavu, inapanda kutoka ardhini, inaelekea kulikokuwa na kibubu. Aliijua. Hakuna seremala asiyeijua.

"Mchwa," alisema.

"Si ni mninga?" Tumwagile aliuliza. "Mchwa hawali mninga."

Kondo alitikisa kichwa. "Cha Mama Vaileth kilikuwa mninga. Changu kilikuwa paini."

Fundi ujenzi aliondoa jiwe la mwisho, akatia mkono, akatoa ubao. Ubao ulibonyea kama mkate. Vanishi peke yake ndiyo iliyokuwa imebaki na umbo la kisanduku. Kondo alikuwa akifikiria wiki hamsini, na mtu wa Dumila, na alifikiria kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepima ubao uliokwisha kukatwa vibaya.

"Mbona mnasimama?" alisema Mama Vaileth. "Chimbeni."

"Mama Vaileth, noti ni karatasi. Karatasi ni mti."

"Noti zipi? Noti zilikuwa zinakwama kwenye bomba. Nilikuwa natia sarafu za mia tano."

Akachukua sufuria akaiweka chini. Fundi ujenzi akaingiza viganja vyote viwili, na sarafu zikaanza kutoka na udongo wake, kwanza chache, kisha kwa mafungu, zikigonga sufuria hadi wapishi wa banda la jirani wakaja kuona. Fedha ya Kondo ilibaki kwenye simu ya Mama Vaileth, na badala yake aliingiza sarafu arobaini za mauzo kila Jumamosi. Waliziosha. Dereva alijitolea kuzipanga kumi kumi juu ya meza, na alipanga kwa unyoofu ambao Kondo aliuheshimu.

Zilikuwa elfu moja mia nane na arobaini. Laki tisa na ishirini. Elfu themanini zilizokosekana zilikuwa noti za wiki nne za kwanza, kabla ya kibaraza, na mchwa walikuwa wamezigeuza udongo.

"Hizo nitakulipa," Mama Vaileth alisema. "Saruji ilikuwa yangu."

"Hapana. Paini ilikuwa yangu. Ningetumia mbao ileile ya kibubu chako, tusingezungumza."

"Basi mtu wa Dumila anapata mashine?"

Tumwagile alikuwa akikitazama kibaraza. Kilikuwa na pengo la mita mbili, na wateja wa jioni wangeanza kufika saa kumi na moja.

"Mama Vaileth," alisema, "hawa watu wako watakaa wapi?"

Mama Vaileth alilitazama pengo, akawatazama wote. "Kibaraza sikijengi tena. Kinafuga mchwa. Fundi, benchi nne ndefu ni kiasi gani?"

"Laki moja na sitini."

"Za mninga?"

"Za mninga. Ninazo mbao tayari, hazijarandwa tu."

"Nakupa nusu sasa, nusu zikifika. Na sitoi kwenye vitunguu. Benchi ni za biashara, biashara itazilipa." Akafungua droo ya mauzo akahesabu elfu themanini.

Asubuhi iliyofuata, tarehe ishirini, mzee Jastin alikuta ndoo yenye sarafu kwenye mlango wa karakana yake, na Kondo amekaa kando yake. Aliinama akachungulia ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na hizi nani atazihesabu?"

"Zimehesabiwa. Lakini nitakusubiri."

Jastin alizihesabu zote, hadi adhuhuri, kisha akampa ufunguo wa mashine. Mbao za kwanza kupita ndani yake zilikuwa za benchi za Mikumi.

Januari Kondo alianza tena kupiga vibubu, ila safari hii aliwauliza wateja kama wana mtu anayekaa mbali kidogo. Wengi walikuwa naye. Walianza kuja wawiliwawili, na kila mmoja aliondoka amebeba cha mwenzake. Cha Kondo mwenyewe kilipigwa kwa mninga, misumari kumi na minane, na Tumwagile ndiye aliyekipeleka Mikumi. Aliporudi, mumewe alimuuliza safari hii kimewekwa wapi.

"Wewe tuma fedha Jumamosi," Tumwagile alisema, akaendelea kushona.