Mkuu Aombwa Kufoka

Ofisini walimwita Radi, kwa siri bila shaka, na kwa wakwe zake alikuwa Mpole. Majina hayo mawili hayakuwahi kukutana, na mkuu wa idara ya maji alihakikisha hivyo kwa miaka yote ya ndoa yake. Kwa mama mkwe aliingia kwa kunyata, akaongea kwa sauti ya kuazima, akashukuru hata kwa glasi ya maji.

Siku hiyo mama mkwe ndiye aliyeingia ofisini kwake, amelowa mpaka magotini, ndala mkononi. Bomba lilikuwa limepasuka mbele ya nyumba yake, na maji yalikuwa yameshafika sebuleni bila kubisha hodi.

"Shikamoo, mama," alisema Mkuu, akainuka haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Marahaba, baba. Nimekuja uwaambie wafunge maji."

Laiti ingekuwa kuambia tu. Ili maji yafungwe ilibidi koki ionekane, na koki zote za mji zilikuwa zimefukiwa, nyingine chini ya lami, nyingine chini ya maua. Ramani iliyoonyesha zilipo ilikuwa moja, ndani ya kompyuta, imefungwa kwa neno la siri. Mwenye neno hilo alikuwa mchora ramani, na mchora ramani alikuwa ameacha kazi. Na nani aliyeamuru kila faili lifungwe kwa neno la siri, wezi wasije wakajua mabomba yalipopita? Mkuu mwenyewe. Neno hakuliuliza, maana siku ya kuagana alikuwa amenuna.

Mchora ramani alipopigiwa simu alikuja mara moja, udongo kwenye kucha, kwani siku hizi ana kitalu cha miche. Alikuwa amenenepa kidogo na hakuwa na kinyongo hata chembe, jambo lililomuudhi Mkuu kuliko kinyongo chenyewe.

"Tatizo nimelisahau," alisema. "Tangu niondoke hapa nalala vizuri sana, yaani mambo yanatoka yenyewe kichwani."

Mtaalamu wa kompyuta akaonya kwamba wakikosea tena na tena faili litajifuta lote.

"Lakini vidole vinalijua," akasema mchora ramani. "Vinataka mazingira yake tu."

Basi kikatafutwa kiti chake cha zamani, kile kinachoyumba. Meza yake ikarudishwa karibu na choo. Feni ikawashwa ipige kelele zake. Mchora ramani akakaa, akaweka mikono mahali pake, akafumba macho. Vidole vikatulia tuli.

"Kuna kitu kimepungua." Akafikiri kidogo. "Ah, ni wewe, Mkuu. Kila asubuhi nilikuwa naliandika huku unanifokea."

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha wageni akikamua upindo wa gauni, akacheka. "Huyu? Huyu hata nzi anamwomba radhi."

Mkuu akaharakisha kufungua mlango. "Mama, labda ungepumzika chumba cha pili, wakuletee chai."

"Nitapumzikaje na maji yako kwangu? Niko hapa hapa mpaka yafungwe."

Mkuu akajaribu. "Ndugu yangu, kusema kweli, kazi yako haikuwa inaridhisha sana."

"Hapo unanibembeleza," alisema mchora ramani. "Huwa unaanza na shati langu. Halafu unahamia shule niliyosoma."

"Na unagonga meza," mhazili akaongeza kwa heshima zote.

"Na mate," akasema mtaalamu wa kompyuta. "Samahani, Mkuu. Ila kama tunataka mazingira kamili."

Simu ya mama mkwe ikaita. Alikuwa jirani yake: kochi limeanza kuelea, limeshika njia ya mlangoni. Mama mkwe akakata simu. "Baba, mseme mwenzio. Jikaze tu, mimi najua si tabia yako."

Mkuu akapiga moyo konde. Alianza na shati. Sauti ilitoka nyembamba, ikakwaruza, kisha ikapata njia yake. Akapita shuleni, akagonga meza, akakumbuka mistari iliyopinda na chai iliyomwagika, na mate yakaja yenyewe. Kilichomtisha, hata katikati ya kufoka, ni raha aliyoisikia. Alikuwa kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

"Wewe hata ukikaa kimya unakosea," akamalizia, kama alivyomalizia kila asubuhi.

Vidole vya mchora ramani vilikuwa vimekimbia mpaka mwisho. Faili likafunguka. Watu wakapiga makofi, ingawa hawakujua wanampigia nani. Koki ilikuwa chini ya kibanda cha mlinzi, mwanzoni mwa mtaa wa mama mkwe. Mafundi wakakisogeza kibanda, mlinzi akiwa ndani analalamika, na muda si mrefu jirani akapiga simu kusema maji yamekatika.

Mchora ramani alijifuta uso kwa leso. "Asante, Mkuu. Kama zamani kabisa." Walipomwomba aliandike neno kwenye karatasi, akatazama vidole vyake kwa masikitiko. Lilikuwa limeshatoka tena.

Mama mkwe alikuwa anavaa ndala. Mkuu akamsogelea kwa kunyata, sauti ya kuazima imerudi. "Mama, samahani. Yale yalikuwa ya kazi tu."

"Mwanangu akiangusha kijiko jikoni hujisemea peke yake," alisema mama mkwe polepole. "Husema, wewe hata ukikaa kimya unakosea. Nimemsikia mara nyingi. Nikawa najiuliza kayatoa wapi maneno hayo, maana mimi sikumlea hivyo."

Mhazili akajifanya anapanga kalamu.

"Kwangu kumelowa," akasema mama mkwe, "kwa hiyo naenda kukaa na mwanangu. Wewe usiharakishe kurudi."